Marafiki wanakuja kulala mashuani? Anza na choo

Kung'arisha shaba kunaweza kungoja. Usiku wa kuamkia ujio wao, mimina vikombe viwili vya siki nyeupe chooni, piga pampu ya mkono ya choo mara mbili tatu ili siki iingie bombani, uiache mpaka asubuhi. Inalainisha ule ukoko mgumu unaotokana na mkojo kukutana na maji ya chumvi. Suuza, kisha tia kijiko cha mafuta ya kupikia, pampu iwe nyepesi.

Tukiwa tumetia nanga Kilifi, mgeni alitupa pamba chooni, ikaziba. Jumapili nzima nilipiga magoti na bisibisi, wenzangu wakiogelea! Siku hizi mgeni akipanda tu, hata chai hajanywa, namwonyesha mpini wa pampu na ndoo ya kutupia karatasi.