SOMO: Kufundisha darasa la chuo kwa nyenzo za bure na kikao cha mtandaoni bila kummalizia mwanafunzi bando

Walimu wenzangu wa Arusha na Moshi, habari za kazi. Somo hili limeombwa sana, hasa na wenye madarasa ya jioni. Nafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Moshi, kwa hiyo mifano yangu ni ya takwimu. Wa uhasibu au biolojia atajigeuzia.

Kwanza msimamo wangu ujulikane: kikao cha mtandaoni si mahali pa kusomeana slaidi. Mwanafunzi aliyepanga chumba Bomang'ombe atakuwa amenunua bando ili asikilize kitu ambacho angekisoma kwenye faili dogo usiku wake. Maelezo yatangulie kama faili, kikao kiwe cha maswali na kubishana. Hatua zote hapa chini zinatoka hapo.

HATUA YA 1: Tafuta kitabu kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza "Zoom au Meet?" Hilo lisubiri. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani, unatoa tangu 2012 vitabu kamili vya ngazi ya mwanzo ya chuo: takwimu, biolojia, fizikia, uhasibu, uchumi, sosholojia. Unasoma au unapakua PDF bila kulipa wala kujiandikisha. Ukitaka majibu ya mazoezi ndipo unafungua akaunti na kuthibitisha kuwa ni mwalimu. Tumia barua pepe ya chuo, ile ya Gmail itakuchelewesha.

Wa sayansi wasiikose PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini, baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishalipakua jaribio linafunguka bila intaneti. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, nao wameweka wazi maelezo ya kozi na mitihani yao ya nyuma, ila kwa astashahada mengi yatakuwa mazito. Mimi huchota maswali tu.

HATUA YA 2: Soma leseni

Bure haina maana ya fanya utakavyo. Leseni nyingi za nyenzo hizi ni za Creative Commons, kwa kifupi CC. Ukiona CC BY, unaruhusiwa kunakili, kukata, kutafsiri, hata kuuza, mradi umtaje mwenye kazi. Ikiongezwa NC, biashara hairuhusiwi. SA inakutaka ulichobadili nacho ukitoe kwa masharti yaleyale. ND inakukataza kusambaza toleo ulilolibadili. Baadhi ya vitabu vya OpenStax ni CC BY, vingine vina NC na SA, kwa hiyo fungua kurasa za mwanzo uone. Na kile kitabu kilichoskaniwa kinachozunguka Telegram hakina leseni yoyote, hata kama idara nzima inacho.

HATUA YA 3: Kikate, kisha kilete nyumbani

Hapa ndipo kazi ilipo, msiparuke.

PDF nzima ni nzito. Ipakue kwa waifai ya chuo, ifungue, nenda kwenye kuprinti, chagua "hifadhi kama PDF" na uandike kurasa za sura unayotaka tu. Sura moja inapita WhatsApp bila shida.

Halafu angalia mifano. Vitabu hivi vimeandikwa kwa Wamarekani: besiboli, maili, dola. Kijana wa Machame akikutana na swali la besiboli anatumia nguvu zake kuelewa mchezo badala ya hesabu. Mimi huliondoa, naweka kilo za kahawa ambazo wakulima kumi wamepeleka AMCOS yao, yaani chama chao cha ushirika wa mazao: 42, 55, 38, 61, 47, 50, 44, 58, 40 na 310. Wanakokotoa wastani, wanapata kilo 74.5, wakati wakulima tisa kati ya hao kumi hawajafika hata 62. Wanatafuta mediani, yaani namba ya katikati, wanapata 48.5. Kisha nauliza: huyu wa 310 ni mkulima mkubwa, au karani kasahau nukta na ilikuwa 31.0? Afutwe au abaki? Maiki zote zinafunguka kwa mpigo. Wapo waliokulia kwenye kahawa na wanajua mzani unavyosomwa, na wana la kusema.

Swali hilo pekee linatosha kikao kizima, na kitabu chenye leseni ya CC BY kinakuruhusu kulipachika ndani.

HATUA YA 4: Sasa chagua programu

Zoom ya bure: watu 100, dakika 40. Google Meet ya bure: watu 100, dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Jitsi Meet haikukatizi hivyo, na mwanafunzi hahitaji akaunti. Mwenyeji tu ndiye, tangu Agosti 2023, lazima aingie kwa akaunti kama ya Google. Chuo chenye seva yake na fundi wa TEHAMA anayepokea simu kijaribu BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, na inaungana vizuri na Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni.

Mimi natumia Zoom, na sizilalamikii dakika 40. Zinanizuia kuhubiri.

HATUA YA 5: Piga hesabu ya bando

Kwa vipimo vya Zoom wenyewe, sauti inakula kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na kuonyesha skrini bila sura za watu 50 hadi 75. Jumlisha kwa dakika 40: haifiki MB 50. Video safi ni kama kilobiti 600 kwa sekunde, yaani karibu MB 180 kwa muda uleule. Kwa hiyo sura zizimwe, na ya mwalimu pia. Salimia, waone ni wewe, zima.

HATUA YA 6: Siku yenyewe

Mwaliko wa programu utaandika 5:00 PM, na kuna mtu ataelewa saa tano usiku. Andika "saa 11 jioni, yaani 17:00". Chaji kompyuta mapema na uwe na bando kwenye simu, kwa sababu umeme ukikatika ruta inazimika nao. CR, yaani kiongozi wa darasa, awe na faili la maswali mkononi, ili ukipotea hewani wasitawanyike. Baada ya kikao, tuma picha ya hesabu zilizokokotolewa kwenye kundi la darasa. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Njiro): Shikamoo mwalimu. Mimi nina wanafunzi wenye vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo. Hawa nawafanyaje?

Jibu: Marahaba. Sura iliyokatwa ipeleke steshenari iliyo jirani na chuo, wakatoe kopi. Kwa CC BY hakuna wa kukuuliza, hata kama mwenye steshenari anatoza. Siku ya kikao wapange watatu watatu kwa simu moja yenye spika. Wakikaa hivyo hubishana zaidi, kwangu hiyo ni faida.

Swali (Majengo, Moshi): Mwalimu, watu wanaingia kwa jina la "Tecno Spark" na "Galaxy". Mahudhurio nachukuaje?

Jibu: Usihesabu majina. Dakika tano za mwisho toa swali moja, kila mtu akutumie jibu WhatsApp pamoja na namba ya usajili. Asiye na jibu hakuwepo, hata kama simu yake ilikuwepo.

Swali (Usa River): Kuna mhadhiri wa Houston amekubali kuzungumza na darasa langu. Tupange saa ngapi?

Jibu: Saa 11 jioni kwetu. Kwao ni saa 2 asubuhi kipindi cha baridi, na saa 3 asubuhi kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Na mtumie maswali ya wanafunzi siku chache kabla, la sivyo atakuja na slaidi sitini.

Swali (Tengeru): Naruhusiwa kurekodi?

Jibu: Zoom ya bure inarekodi kwenye kompyuta, kwenye simu hapana. Ila tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Waambie kabla hujabonyeza, eleza rekodi ni ya nini na itakaa wapi, na anayekataa aulize kwa maandishi. Usiipandishe YouTube. Sauti ya mwanafunzi akikosea hesabu haihusu dunia nzima.

Swali (Kwa Mrombo): Shikamoo. Wanafunzi wangu ni wa astashahada, Kiingereza cha kitabu kinawashinda. Nikitafsiri sura nzima nitakuwa nimevunja leseni?

Jibu: Marahaba dada. CC BY inakuruhusu. Taja kitabu cha asili, weka leseni, na useme wazi kuwa tafsiri ni yako. Lakini mtihani wao utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi ziache zilivyo, tafsiri maelezo. Sehemu ngumu zirekodie sauti ya dakika tatu kwa Kiswahili, hiyo ni nyepesi kuliko video na wataisikiliza hata kwenye daladala. Anza na sura ya kwanza tu. Ikiwa tayari iweke hapa, nitaipitia upande wa namba.