Kuomba kazi katika kliniki ya wasafiri ukiwa bado mwanafunzi wa udaktari

Wanafunzi wengi wanaoomba kazi katika kliniki za wasafiri, yaani zinazotoa ushauri na chanjo kwa watu wanaosafiri, hufungua barua yao kwa kusema wanapenda kusafiri. Mwajiri hana haja na hilo. Anamtaka mtu atakayekaa na msafiri kwa dakika ishirini, amuulize yanayopasa kuulizwa, ayaandike bila kuruka, na ajue wakati wa kumwita daktari. Maombi yako yote, tangu wasifu hadi usaili, yathibitishe hayo.

Soma tangazo ukitafuta neno "usajili"

Nafasi ya daktari wa kliniki ya wasafiri, hata ikiitwa ya ngazi ya chini, kwa kawaida inamtaka mtu aliyekwisha kusajiliwa na baraza la madaktari la nchi husika. Wewe bado huna leseni: huwezi kuandika dawa kwa jina lako, wala kutia saini cheti cha kimataifa cha chanjo. Ukiomba nafasi hiyo, barua yako itawekwa kando kabla haijasomwa hadi mwisho.

Nafasi zinazokufaa ni za usaidizi: kuchukua historia ya msafiri kabla hajaonana na daktari, kutunza kumbukumbu za chanjo na friji, kupanga miadi, au kusaidia utafiti. Kama uko mwaka wa mwisho, unaweza kuomba kazi itakayoanza baada ya usajili, mradi utaje mwezi unaotarajia kuhitimu na ule wa kumaliza utarajali, yaani kazi ya mafunzo baada ya kuhitimu. Bila tarehe hizo mwajiri hawezi kukupanga.

Usisubiri tangazo tu. Kliniki hizi zina misimu. Hujaa kabla ya likizo ndefu na kabla ya Hija, maana hujaji anatakiwa awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo ya aina A, C, W na Y angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Barua ya kuulizia nafasi ikifika miezi miwili au mitatu kabla ya msimu humkuta msimamizi akiwaza wa kumsaidia. Ikifika katikati ya msimu, hakuna mwenye nafasi ya kuisoma.

Tafuta ushahidi kabla ya kuandika

Omba wiki mbili za kukaa na kuangalia katika kliniki yoyote inayotoa chanjo. Ukiwa huko, omba ruhusa ya kufanya ukaguzi mdogo: chukua kumbukumbu 50 za ushauri kabla ya safari, bila majina, uangalie kama kila moja ina tarehe ya kuondoka, mahali anapokwenda pamoja na vituo vya njiani, chanjo za nyuma, mzio, dawa anazotumia, na kama ni mjamzito. Matokeo yaweke kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo una uzito kuliko vyeti vitano vya kozi za mtandaoni, kwa sababu unaonyesha umeelewa pale kazi inapoharibika: si kwenye magonjwa ya ajabu, bali kwenye swali ambalo halikuulizwa.

Kuhusu masomo, usikimbilie mtihani wa cheti cha afya ya wasafiri wa ISTM (chama cha kimataifa cha tiba ya wasafiri), ambao ulianza mwaka 2003. Umelengwa kwa watu ambao tayari wanatoa huduma. Ila orodha ya mada zake itumie kama ramani ya kujisomea.

Andaa pia barua ya chuo inayotaja mwaka wako wa masomo na unayoruhusiwa kufanya chini ya usimamizi, cheti cha huduma ya kwanza ambacho hakijaisha muda, na kumbukumbu ya chanjo zako mwenyewe. Kwa homa ya ini B, onyesha dozi zote na kipimo cha kingamwili. Kiwango cha 10 mIU/mL au zaidi baada ya kukamilisha dozi huhesabiwa kuwa kinga. Wadhamini wawili waombe wiki tatu mapema, na mmoja awe amekuona ukiongea na wagonjwa.

Wasifu na barua

Wasifu usizidi kurasa mbili. Picha za safari zitoe, na orodha ya nchi ulizotembelea pia, isipokuwa kama ulifanya kazi ya afya huko. Barua ni nusu ukurasa, iingie kwenye jambo mara moja, kwa mfano:

"Niko mwaka wa nne wa udaktari. Naomba nafasi ya msaidizi wa kliniki kwa saa 8 kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, kuanzia tarehe 1 Julai. Nimekagua kumbukumbu 50 za ushauri kabla ya safari chini ya usimamizi wa daktari. Ukurasa wa matokeo umeambatishwa. Naweza kuchukua historia ya msafiri na kusoma kadi za chanjo. Siandiki dawa wala sitii saini vyeti."

Sentensi ya mwisho usiione kama kujishusha. Msimamizi anayebeba dhamana ya makosa yako anaitafuta hasa hiyo.

Usaili

Tarajia kisa. Mfano: mjamzito wa wiki 16 anaondoka baada ya siku 7 kwenda eneo lenye malaria, katika nchi inayodai cheti cha homa ya manjano. Unashauri nini?

Anayejibu haraka huanguka hapa, kwa sababu kila mlango una kizuizi. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai, hivyo katika ujauzito daktari hupima hatari ya chanjo dhidi ya hatari ya ugonjwa. Hata akichanjwa leo, cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, naye atakuwa amekwisha kufika. Kwa dawa za kujikinga na malaria, doksisaiklini haimfai mjamzito, na atovakwoni pamoja na proguanili haipendekezwi. Meflokwini inaweza kutumika, lakini huanzwa angalau wiki mbili kabla ya safari, na haifai kwa mwenye historia ya kifafa au maradhi ya akili. Jibu zuri huanza na maswali: safari inaweza kuahirishwa? Atapitia wapi? Aliwahi kuchanjwa? Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, kwa hiyo kadi ya zamani inaweza kummalizia nusu ya tatizo. Kisha sema wazi kwamba unampeleka kwa daktari leo hii, ukiwa na historia iliyokamilika, na kwamba daktari ndiye ataamua juu ya barua ya msamaha wa chanjo.

Cheti chenyewe kifahamu vizuri. Kinajazwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kinahitaji saini ya mkono na mhuri wa kituo. Kikifutwafutwa au kikiachwa na nafasi tupu kinaweza kukataliwa mpakani.

Swali la friji huwaponyoka wengi. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na joto husomwa na kuandikwa mara mbili kwa siku. Ukikuta nyuzi 11, chanjo usizitupe na usizitumie: ziweke kando kwenye friji nyingine iliyo salama, zikiwa na alama ya kutotumika, andika saa na joto ulilolikuta, mwite msimamizi. Taja pia kuganda. Watu huogopa joto pekee, ilhali chanjo za homa ya ini A, homa ya ini B na pepopunda huharibiwa na barafu, na kwa macho unaweza usiione tofauti.

Wakikuuliza kuhusu msafiri aliyerudi na homa kutoka eneo la malaria, jibu ni kipimo siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vimelea hakijamaliza habari. Hurudiwa kila baada ya saa 12 hadi 24, hadi jumla ya vipimo vitatu. Kumpangia miadi ya kesho ni kosa linaloweza kuua.

Ukipewa kazi

Kabla ya kutia saini, uliza mambo manne na uyapate kwa maandishi: daktari gani atakuwepo jengoni kila zamu yako, nani anapitia unachoandika, bima ya dhamana ya makosa inakuhusu au la, na utaratibu wa kufuata ukichomwa sindano iliyotumika. Ikiwa zamu yoyote itakuacha peke yako na wasafiri wanaosubiri dawa, omba ibadilishwe. Wakikataa, iache nafasi hiyo, hata kama malipo yake ni mazuri.