Jinsi ya Kutumia Kapsuli za Spora Baada ya Maambukizi ya C. difficile

Vowst, dawa ya kumeza iliyoidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2023, ina spora (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) za bakteria wa utumbo wa binadamu. Hutengenezwa kwa kinyesi cha wachangiaji waliopimwa (asiyependa kulisikia neno hilo atusamehe), kisha hutiwa ethanoli (alkoholi), ambayo huua vijidudu visivyo na spora na kuziacha spora hai kutokana na ganda lao gumu. Huandikiwa mtu mzima ambaye maambukizi ya Clostridioides difficile (C. difficile), bakteria wa utumbo wanaosababisha kuhara, yamemrudia. Kazi yake ni kuzuia yasirudi tena, si kuyatibu.

Kwa hiyo maliza kwanza antibiotiki ulizoandikiwa, kisha anza kapsuli siku 2 hadi 4 baadaye, kwa kuwa antibiotiki zinaweza kuwaua bakteria wanaochipuka kutoka kwenye spora. Siku moja kabla ya kuanza, angalau saa 8 kabla ya dozi ya kwanza, kunywa mililita 296 za magnesiamu sitrati ili kusafisha utumbo. Mwenye ugonjwa wa figo amweleze daktari mapema. Katika saa hizo 8 usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kidogo. Asubuhi, kabla ya kula, meza kapsuli 4, na ufanye hivyo kwa siku 3 mfululizo.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, maambukizi yaliwarudia asilimia 12 ya waliotumia kapsuli hizi ndani ya wiki 8, ikilinganishwa na asilimia 40 ya waliopewa kapsuli za kulinganishia zisizo na dawa ndani. Kuhara kukianza upya, mwone daktari.