Kuendesha mjadala wa walimu kuhusu namna watoto wanavyojifunza

Anza na swali dogo. "Elimu bora ni ipi?" huishia kwenye malalamiko ya mishahara na madarasa yaliyofurika. Afadhali uulize: kwa nini watoto wa Gredi ya 4 husoma aya kwa ufasaha, kisha wakashindwa kueleza maana yake? Nairobi swali hilo lina uzito wa pekee, kwani mtoto wa Kayole au Kibera huongea Sheng nje, Kiswahili na Kiingereza darasani, na mtihani mwingi huuandika kwa Kiingereza.

Walimu 6 hadi 8 wanatosha, kwa dakika 45 baada ya masomo. Kila mmoja alete madaftari 3: la mwanafunzi hodari, la wa wastani na la anayetatizika. Bila madaftari, watu hubishana kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huwapendelea hodari.

Dakika 5 za kwanza ni za kuandika kimya. Usiziruke hata muda ukibana! Kisha aanze mwalimu mgeni zaidi. Mwalimu mkuu azungumze mwisho. Akitangulia yeye, wengine wataitikia tu na mjadala umekufa.

Malizeni kwa jaribio moja la wiki 2, mfano: kabla ya somo jipya, watoto waandike bila kutazama daftari mambo 3 wanayokumbuka kutoka somo lililopita. Kukumbuka kwa kujikakamua huimarisha ujifunzaji kuliko kusoma tena. Msiwape alama, la sivyo watanakiliana. Mkikutana tena, leteni karatasi hizo.