Kupanda Farasi Uzeeni: Hatua kwa Hatua kwa Anayetaka Kusimama Imara

1. Daktari kwanza. Mifupa iliyodhoofika, nyonga ya bandia, kifafa, dawa za kuzuia damu kuganda: mweleze yote. Akikataa, usibishane naye.

2. Chagua farasi. Mwenye umri, mpole, si mrefu wala si mnene. Tumbo pana hutanua mapaja mpaka nyonga zinauma. Vaa helmeti yenye mkanda wa kidevuni, suruali ndefu, na viatu vyenye kisigino kifupi ili mguu usipenye ukanasa kwenye kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko.

3. Panda kutoka kwenye jukwaa la kupandia farasi. Mtu mmoja ashike hatamu, mwingine akandamize kikuku cha upande wa pili ili tandiko lisizunguke. Mguu wa kushoto uingie kikukuni, wa kulia uvuke mgongo bila kumpiga farasi, kisha keti taratibu, ukijitupa atashtuka. Wazee wengine huona haya kushikwa. Mpanda farasi Lis Hartel wa Denmaki, aliyepoozwa na polio mwaka 1944, alikuwa akisaidiwa kupanda na kushuka, na bado alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki kule Helsinki mwaka 1952.

4. Tembea tu. Hapa ndipo kazi ilipo. Kila farasi anapopiga hatua, mgongo wake husukuma nyonga zako mbele na nyuma, huku na huku, karibu sawa na unapotembea mwenyewe, nayo misuli ya tumbo na kiuno hujibu bila kuamrishwa. Tazama mbele, katikati ya masikio yake. Ukiinamisha macho, mabega nayo yanafuata. Usining'inie kwenye hatamu. Ukizoea, mwambie anayemwongoza amsimamishe, amwondoe tena, azunguke kushoto kisha kulia. Mimi nathamini simama-ondoka hizo kuliko mwendo wa kasi, kwa sababu kiwiliwili hulazimika kujirudisha katikati kila mara. Baadaye weka viganja mapajani huku wasaidizi wakitembea pande zote mbili. Dakika ishirini zinatosha kwa kuanzia.

5. Shuka. Toa miguu yote miwili vikukuni kwanza, ndipo uvushe wa kulia. Shukia jukwaani, ushike tandiko mpaka magoti yakaze. Hapo ndipo wengi hupepesuka.

Mapaja kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni si kawaida: usipande tena kabla ya kuonwa na daktari.