Kupanga safari ya hadhi ya juu Ruaha ukianzia Dodoma

Wateja wangu wengi wa hapa Dodoma huanza na bafu. Hema lina beseni la kuogea? Kuna bwawa la kuogelea? Nawajibu, halafu nawauliza la kwangu: siku ya tatu, saa mbili asubuhi, unataka uwe wapi, unafanya nini? Wengi hunyamaza. Hilo swali ndilo linaloamua pesa yako iende wapi. Bafu zuri lipo hata mjini, tena kwa bei nafuu. Kinachouzwa ghali porini ni muda usiohimizwa na mtu anayejua kukusomea pori.

Nitaeleza hatua kwa hatua nilivyompangia mzee mmoja mstaafu aliyetaka kusherehekea miaka arobaini ya ndoa. Alinipigia simu, nikamwamkia shikamoo, hata marahaba hakuimaliza vizuri: "Mwanangu, tupeleke Serengeti, Mama anataka kuona nyumbu wakivuka mto." Nikamuuliza kama Mama anapenda msongamano wa magari. Akacheka. Tukahamia Ruaha.

Hatua ya kwanza: panga mwezi kwa kufuata maji

Ruaha ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1964, na mwaka 2008 pori la Usangu likaunganishwa nayo, ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hiyo ni karibu nusu ya mkoa mzima wa Dodoma. Eneo la ukubwa huo hulizunguki. Unakwenda kukaa mahali ambapo wanyama watalazimika kukujia, na kinachowalazimisha ni kiu.

Kuanzia Juni majani hukauka na madimbwi ya porini hukatika. Mto Ruaha Mkuu ndio unaobaki, na wenyewe siku hizi si wa kuuamini. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi kikiiva, kwa sababu maji mengi huchukuliwa juu huko bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga. Kwa hiyo ukienda Septemba au Oktoba utakuta sehemu kubwa ya mto ni mchanga na mabwawa machache yenye viboko waliobanana. Inasikitisha, na ndio wakati ambao wanyama wanaonekana kuliko miezi yote. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mwambie mteja yote.

Ukifika kwenye mto wa mchanga wa Mwagusi kipindi hicho, mwombe mwongozaji azime gari. Tembo jike anakwangua mchanga kwa mguu wa mbele, polepole, kisha anaingiza mkonga hadi shimo linakuwa na upana wa ndoo. Anasubiri. Maji yanapojichuja kwa chini, anayavuta yale ya kwanza yenye tope na kuyatupa pembeni. Ya pili ndiyo anayokunywa. Nyuma yake kuna nyani na swala pala wanaongoja aondoke wapate zamu. Nimeshuhudia foleni hiyo ikichukua saa nzima. Mwenye ratiba ya kuona "wanyama watano wakubwa kabla ya chakula cha mchana" angeondoka dakika ya tano.

Kwa habari ya hao watano: faru Ruaha hayupo, walimalizwa na majangili. Mtu asikuahidi. Badala yake utapata vitu ambavyo kaskazini ni vya kubahatisha: tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, palahala na korongo (wote wawili ni jamii ya swala wakubwa), na mbwa mwitu ukiwa na bahati. Mimea ya kusini na ya mashariki inakutana hapo, ndiyo maana.

Novemba hadi Machi ni kijani, ndege ni wengi sana, bei hushuka, ila nyasi huficha wanyama. Aprili na Mei kambi nyingi hufungwa kwa sababu ya matope. Mzee wangu nilimwekea mwisho wa Agosti: kiangazi kimeshika, joto la Oktoba bado.

Hatua ya pili: usiku minne, si miwili

Watu wa mjini hapa hupenda Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi. Kwa Mikumi sawa. Kwa Ruaha siku ya kwanza inaishia njiani na ya mwisho inaishia kufunga mizigo, kwa hiyo usiku miwili ni siku moja tu ya pori. Kama bajeti haitoshi usiku minne kwenye kambi ya juu kabisa, shuka daraja moja la kambi uongeze usiku. Kila aliyenisikiliza hapa alinishukuru. Wawili waliogoma walirudi wakilalamika kwamba nimewapeleka mbali bure.

Hatua ya tatu: ihoji kambi kabla hujailipa

Picha za mtandaoni zote zina taa za kandili na glasi ya mvinyo. Acha picha, piga simu uulize:

Gari moja linabeba wageni wangapi? Kambi zenye magari ya wazi ya safu tatu huweza kukuchanganya na familia nyingine. Ukitaka gari lenu peke yenu, omba sasa hivi na ujue lina bei yake. Kwa wazee wawili wanaotaka kurudi kulala saa nne asubuhi, hiyo ndiyo anasa yenyewe, na ndiyo niliyompigania yule mzee kuliko hema kubwa.

Nani atawaongoza, na ana miaka mingapi Ruaha? Si miaka mingapi kazini. Miaka mingapi *Ruaha*. Mtu aliyehamia juzi kutoka kaskazini ni hodari wa kuendesha, lakini hajui simba wa mto huu wanapumzikia upande gani wa mbuyu ikifika mchana.

Mnatembea kwa miguu? Ruaha inaruhusu matembezi pamoja na askari mwenye bunduki, na mizunguko ya usiku kwa kibali. Uliza kama kibali kimo kwenye bei na kama huombwa mapema. Mimi mwenyewe niliwahi kusahau kibali cha usiku, wageni wakakaa kambini wanasikiliza fisi kwa mbali huku taa ya kumulikia ikiwa juu ya meza. Walikuwa waungwana. Mimi sikulala.

Kambi iko wapi? Zilizo karibu na Msembe, makao makuu, ziko jirani na mto na barabara nyingi za mizunguko. Zilizo mbali kusini-magharibi, upande wa Jongomero, ni kimya kabisa, siku nzima unaweza usione gari jingine. Kimya hicho wengine hukitafuta, wengine kinawatisha usiku wa kwanza. Mjue mteja wako.

Hatua ya nne: barabara au ndege

Kwa barabara, Dodoma hadi Iringa ni kama kilomita 260, lami. Karibu nusu ya njia unavuka bwawa la Mtera. Usipige picha ukutani pale, lakini simama kijijini ule perege wa kukaanga. Nimewapeleka watu wenye uwezo wa kukodi ndege wakala kwa mikono, wakaagiza wa pili. Mbele yake ni milima ya Nyang'oro yenye kona kali, dereva asiwe na haraka.

Lala Iringa. Wengi hutaka kuunganisha siku moja, ndipo safari ya hadhi inapogeuka adhabu: kutoka Iringa mjini hadi hifadhini ni kilomita 130 nyingine, na sehemu kubwa ni vumbi na makorongo madogo yanayotikisa kiuno. Jaza mafuta Iringa, na mahitaji ya mwisho nunua hapo au kijiji cha Tungamalenga, njiani. Lango hufungwa jioni. Panga kufika mchana.

Hesabu moja ndogo ya getini: kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa nne asubuhi na kutoka kabla ya saa nne siku ya mwisho, hulipii siku ya ziada. Ukichelewa kwa sababu ya picha za mwisho, unalipa. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, na mtandao huko ni wa kusuasua, kwa hiyo maliza malipo ukiwa mjini na uchapishe risiti.

Kwa ndege, ndege ndogo za ratiba hutua Ruaha zikitokea Dar es Salaam au Arusha. Kutoka Dodoma mara nyingi ni kukodi; hewani ni chini ya saa moja. Watu hukosea hapa: ndege ya kukodi inauzwa nzima, si kwa kiti, na ikirudi tupu safari hiyo tupu unailipia wewe. Mkiwa wawili inauma. Mkiwa wanane, ukigawanya, mnaweza kushangaa. Kumbuka kiwanja cha porini hakina taa, rubani hatui gizani, kwa hiyo "nitamaliza kikao saa kumi jioni kisha tupae" haipo.

Na kama wageni wako wanatoka Dar, tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwafikisha Dodoma kwa saa chache tu. Nimeanza kuwapokea stesheni, tunalala hapa usiku mmoja, tunanunua zabibu, asubuhi tunaondoka. Wanafika Iringa hawajachoka.

Yule mzee alikwenda kwa barabara na kurudi kwa ndege. Kurudi ndipo mwili unapohitaji kupumzishwa.

Hatua ya tano: isome bei kama mhasibu

Kambi moja, siitaji, iliniandikia kwamba bei "inajumuisha kila kitu". Familia ya watu watano ikala, ikalala, ikaondoka siku ya nne na kukabidhiwa ankara ya ada ya kulala hifadhini na kodi ya ongezeko la thamani kwa kila kichwa, kila usiku. Baba wa familia hakunipigia kelele, alinitumia picha ya ankara bila neno. Tofauti nilijazia nusu mimi.

Toka siku hiyo nataka mstari kwa mstari: chakula, vinywaji na aina yake, mizunguko ya gari, matembezi, kiingilio, ada ya kulala ndani ya hifadhi, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na usafiri kutoka kiwanja cha ndege. Uliza pia bei ya raia na wakazi wa Afrika Mashariki. Kambi nyingi za kifahari zinayo lakini haziitangazi, na ukinyamaza utatozwa kama mtu aliyetoka Uingereza. Wakala akikwambia mbona hajawahi kusikia leseni ya TALA, yaani leseni ya biashara ya utalii, tafuta wakala mwingine.

Hatua ya sita: mwili

Malaria ipo, onana na daktari wiki kadhaa kabla. Hospitali kubwa iko mbali, hivyo uliza kama bei ina bima ya kusafirishwa kwa ndege za madaktari, maana kambi nyingi huijumuisha. Kama haimo, kata mwenyewe. Kwa wenye presha na sukari, dawa zigawanywe kwenye mifuko miwili.

Mbung'o hupenda bluu na nyeusi, wala hawaogopi shati la bei. Vaa kaki au kijivu. Agosti alfajiri kwenye gari la wazi baridi inapenya, ingawa saa sita utakuwa unajipepea. Mama alinicheka nilipomwambia achukue kitenge kizito na kofia ya sufu. Picha aliyonitumia alfajiri ya kwanza ilionyesha macho tu.

Hatua ya saba: mizigo, kwa mizani

Ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa mtu mara nyingi, kwenye begi laini. Sanduku gumu la magurudumu haliingii kwenye tumbo la ndege hata liwe jepesi. Niliwahi kuliacha moja uwanjani na mwenyewe akapanda analia. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilipita nyumbani kwa mzee, tukabeba mabegi hadi Majengo, kwa muuza mchele ninayemfahamu, tukayatundika kwenye mizani yake. La Mzee kilo 11. La Mama kilo 19. Muuza mchele akauliza, "Mama, unahamia?" Palepale kwenye gunia la mchele Mama akafungua zipu, akatoa viatu jozi tatu, pasi ya umeme na chupa mbili za mvinyo wa Dodoma. Mvinyo ukahamia kwenye begi la Mzee, tukapima tena: 14 na 15.