Namna ya Kupanga Safari ya Magofu ya Takwa kwa Kufuata Maji

Kila anayekuja Lamu na kuuliza habari za Takwa huuliza kwanza nauli ya mashua, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa maji yanajaa saa ngapi. Mji huu wa kale uko katika kisiwa cha Manda, mwisho wa mkono mwembamba wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mkono huo hupitika maji yanapojaa tu. Nimeandika mwongozo huu baada ya kuwapangia safari jamaa waliotoka bara wakiwa na siku chache mkononi, nao unafaa kwa yeyote atakayeanzia mji wa Lamu au Shela.

Hatua ya kwanza: Fika Lamu

Ndege hutua Manda, na boti huwavusha abiria hadi mjini. Anayekuja kwa basi hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha huingia kwenye boti. Weka kitambulisho karibu, kwa sababu kuna vizuizi vya polisi njiani.

Hatua ya pili: Chagua siku kwa mwezi, si kwa kalenda ya ofisini

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takribani siku moja, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama, na pia unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Katika siku hizo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Takribani wiki moja baadaye, mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na hujaa katikati ya asubuhi, kama saa nne au saa tano.

Anayesoma maelezo hayo kwa haraka hudhani kwamba siku za maji mafu ndizo bora, kwa kuwa maji hujaa saa ya kufaa kutembea. Sivyo. Katika maji mafu kina cha mkono wa Takwa huwa kidogo hata maji yanapojaa, na mashua yenye watu wengi inaweza kuishia njiani, abiria wakalazimika kushuka na kukanyaga tope. Kwa upande mwingine, siku ya bamvua yenyewe huwa na maji mengi, lakini yanajaa jioni mno, nawe utayatembelea magofu huku jua likikukimbia na kurudi gizani kati ya mikoko.

Siku ninazozipendelea ziko baina ya hali hizo mbili, maji yanapoelekea kwenye bamvua: kuanzia siku ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu ya mwezi, na kuanzia siku ya ishirini na sita hadi ya ishirini na nane, kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu. Katika siku hizo maji hujaa kati ya adhuhuri na alasiri, na kina huwa kimeanza kuongezeka. Ikiwa huna namna ila kwenda siku nyingine, usikate tamaa, bali mwambie nahodha mapema ili achague chombo chepesi.

Hesabu hii ya mwezi inakupa makadirio tu. Ithibitishe kwa jedwali la maji. Majedwali yanayotumika sana nchini ni ya bandari ya Kilindini, Mombasa, na saa za Lamu hupishana nayo kwa dakika kadhaa. Programu za simu nazo husaidia, lakini hakikisha umechagua Lamu, na ukumbuke kwamba 16:00 ya simu ndiyo saa kumi ya nahodha. Nimeona watu wazima wakikubaliana saa ya kuondoka, kila mmoja akiwa na saa yake kichwani. Jedwali na simu vikipingana na nahodha aliyezoea mkono ule, mimi humfuata nahodha, kwa sababu jedwali halijui mchanga umehamia wapi.

Hatua ya tatu: Gawanya muda kwa kuanzia maji yanapojaa

Anza na saa ya maji kujaa, kisha hesabu kurudi nyuma. Panga kufika kwenye mikoko saa moja kabla maji hayajajaa, na uwe umeketi ndani ya chombo, tayari kuondoka, saa moja baada ya kujaa. Muda wako nchi kavu ni kama saa mbili, nao unatosha.

Sababu ya kusisitiza saa moja, si mbili, ni kwamba maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Katika saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka polepole, kama sehemu moja kati ya kumi na mbili ya kimo chote. Saa ya pili hushuka sehemu mbili, na saa ya tatu sehemu tatu. Kwa bamvua ya mita 3, hiyo ni takribani sentimita 25, kisha 50, kisha 75. Mtu anayetazama maji katika saa ya kwanza huyaona kama yametulia, akarudi kupiga picha nyingine, na akitoka mkono umekwisha kuwa tope. Mashua ikikwama hapo, itasubiri saa saba au zaidi hadi maji yapande tena, na huenda ikawa usiku.

Kutoka mjini, chombo cha tanga kinaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi, kwa kutegemea upepo. Wakati wa kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, hasa Juni hadi Agosti, mkondo kati ya Shela na Manda huchafuka, kwa hiyo ongeza muda.

Hatua ya nne: Chagua chombo na nahodha

Mimi hupendekeza mashua ya tanga yenye injini ndogo ya akiba, na nahodha mwenye upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo penye maji machache. Boti za mwendo kasi hazifai mahali hapa: hutifua tope, huvunja mizizi ya mikoko, na huondoa utulivu ambao ndio nusu ya safari. Kabla ya kukubaliana bei, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Anayejibu bila kusita ndiye wako. Mapatano yahusishe kusubiri na kurudi, si kwenda tu.

Takwa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ulizia kiingilio na namna ya kulipa katika Ngome ya Lamu kabla ya kuondoka, kwa kuwa kule hakuna duka wala mahali pa kutoa fedha. Beba maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyochukia tope.

Hatua ya tano: Tembea kwa mpangilio

Anza na msikiti wa Ijumaa. Juu ya ukuta wa kibla umesimama mnara wa mawe, nao hauna mfano mwingi katika misikiti ya pwani hii. Kisha pitia nyumba, ambazo milango yake imeelekezwa kaskazini, upande wa kibla. Mji huu ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, ukahamwa, na wenyeji husimulia kwamba watu wake walihamia Shela baada ya visima kuingia chumvi. Ukitazama ulivyokaa, vilima vya mchanga upande wa bahari kuu na mkono wa mikoko upande wa pili, utaona kwamba kupwa kwa maji kunakokupa wewe haraka kulikuwa ngao kwao.

Maliza kwa kaburi la mnara, nje ya ukuta wa mji, lenye maandishi ya Kiarabu ya mwanzoni mwa miaka ya 1680. Watu wa Shela bado huenda hapo kuomba dua, hasa ya mvua. Kwa hiyo vaa nguo za heshima, usipande juu ya kuta, na ukiwakuta watu katika dua, subiri pembeni bila kuwapiga picha.

Ukimaliza mapema, kuna njia ya miguu inayokwenda ufuoni upande wa bahari kuu. Nenda tu ikiwa maji bado yanapanda. Yakiwa yameanza kupwa, rudi moja kwa moja kwenye mashua.